Nimemkuta Baba Mkwe Ngazini na Ndara Zangu

Mshauri, naomba barua hii uisome kabla ya za wenzangu, kwa sababu Jumamosi linakuja gari kubeba kitanda, na katika nyumba yetu ni mimi tu ninayejua kwamba halifai kuja.

Mimi ni msusi, mume wangu ni seremala, tunaishi ghorofa ya tatu pamoja na baba yake, aliyekuwa mwokaji mikate mpaka moshi wa tanuri la kuni ulipomharibu mapafu, na daktari alituambia ugonjwa huu hauponi, unatunzwa tu, na tangu siku hiyo mume wangu hawezi kuvumilia kumwona mzee akihema, akihema kidogo tu utasikia, "Baba, kaa! Nani kakwambia uinuke?", chakula analetewa kitandani, bafuni anabebwa mgongoni, na siku alipokutwa amesimama mlangoni mume wangu alikusanya viatu vyake vyote akavifungia kabatini, na mimi, sikufichi, niliona hayo ndiyo mapenzi.

Jumanne umeme ulikatika saluni nikarudi mapema, napanda ngazi nikaona mbele yangu miguu ya mtu imevaa ndara zangu, zile za waridi zenye ua juu, nikajua ni mwizi, nikainua macho niseme neno, kumbe ni baba mkwe. Mtu tuliyemwacha kitandani! Ameshika chuma cha ngazi, amebana midomo kama anapuliza chai ya moto, fuuu, taratibu, anapanda kidogo, anasimama, anapuliza tena. Nikapiga yowe, nikamshika mabega, nikawa namtikisa, "Baba, vuta pumzi! Vuta! Vuta nyingi!", naye maskini akavuta, akaongeza nyingine juu ya ile, mabega yakampanda hadi masikioni, macho yakamtoka, mwisho akanisukuma kwa kiwiko, akainamia kile chuma na kupuliza, akapuliza mpaka sauti ikamrudi.

"Ungeniua, mwanangu," akasema. "Hewa imejaa humu haina pa kutokea, na wewe unaniongezea nyingine."

Nikamuuliza anatoka wapi. "Kwa kinyozi. Nimemfunga drafti." Ameanza lini? "Tangu mlipoanza kunibeba." Nani kamfundisha kupuliza hivyo? "Yule dada wa kliniki. Mumeo alikuwepo, ila alikuwa anaongea na mteja kwenye simu." Basi kwa nini kila asubuhi anakubali kubebwa kama gunia? Akacheka, akakohoa. "Nikibishana nahema. Nikihema ananilaza. Sasa nibishane na nini?"

Sikuamini, nikashuka hadi kwa kinyozi, naye akanijibu huku ananoa wembe, "Mzee? Huyo ni mteja wa kila siku, mkitoka tu naye huyo. Zile ndara nimeziona, dada, lakini nikasema kila mtu na mitindo yake."

Sasa mume wangu amesafisha stoo iliyo nyuma ya karakana yake, anataka baba yake ahamie huko Jumamosi, eti asisumbuliwe na ngazi, na stoo hiyo inapakana na mashine ya kupiga msasa na makopo ya vanishi. Mzee ameniapisha nisiseme, anadai mwanawe akijua atafunga na mlango. Nikinyamaza anaenda stoo, nikisema nimemsaliti, na je, akija kufia kwenye hizo ngazi? Halafu niambie ukweli, mzee ni mgonjwa au alikuwa anatuigizia?

Mkwe niliyepigwa na butwaa

*

Mkwe,

Mimi nami nimeshtuka, ila si kwa sababu ya ngazi. Nimeshtushwa na viatu. Mtu mzima aliyeamka alfajiri miaka yote kuwaokea watu mikate amefungiwa viatu na mtoto aliyemzaa, na hakuna aliyeuliza.

Baba mkwe wako ni mgonjwa kweli, wala hajamwigizia mtu. Nimezungumza na muuguzi wa kliniki ya kifua kabla ya kukujibu, na alichonieleza ni hiki. Kwa ugonjwa wa aina hiyo, hewa ya zamani hunasa ndani, hasa mtu anapojitahidi. Anahisi kukosa hewa, kumbe nafasi ya hewa mpya ndiyo haipo. Ukimwambia avute, unamshindilia. Ulichofanya ngazini wengi wangekifanya, na kilikuwa kibaya. Usirudie.

Mzee ndiye aliyekuwa sahihi. Anavuta kidogo kwa pua, anatoa kwa midomo iliyobanwa, na kutoa kunachukua karibu mara mbili ya kuvuta. Anapanda wakati anatoa, wala habani pumzi. Akichoka anasimama, anaegemeza mikono mbele, mabega yanalegea. Hiyo haitengenezi mapafu yaliyoharibika, bali inampa nafasi ya kutembea, na kutembea ndiko kunakomwachia miguu yenye nguvu. Kuhema anapojitahidi si hatari kwenyewe, mradi akisimama pumzi inatulia. Kilichokuwa kinamdhoofisha ni kitanda chenu.

Kuhusu stoo, nashangaa unauliza. Mume wako anamwepusha baba yake na ngazi, kisha anampeleka kwenye vumbi la mbao na mvuke wa vanishi. Seremala anajua vizuri kinachobaki puani mwake jioni. Mwambie hivyo hivyo. Gari lisije.

Kiapo hicho kivunje, lakini mzee umwambie kwanza kwamba unakivunja, asisikie kutoka chumba cha pili. Kisha mwache apande ngazi mbele ya mwanawe. Mumeo apande nyuma yake, amefunga mdomo. Asimwongeleshe, maana kumjibu nako kunakula pumzi. Baada ya hapo waende kliniki wote wawili, simu ya mteja izimwe, wampime mzee akiwa anatembea, wamwambie afike wapi, na kama ana dawa ya kuvuta kwa mdomo, aitumie saa ngapi. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, midomo ikibadilika rangi au pumzi ikikataa kutulia hata akipumzika, hapo hakuna kupuliza, ni hospitali mara moja.

Hukuandika ufunguo wa kabati unakaa wapi. Utafute leo, uvitoe viatu, uvipange mlangoni kabla mumeo hajarudi, ndipo uanze kuzungumza. Ndara zako zichukue. Zinateleza, na katika habari yote uliyonisimulia, hizo ndizo zingeweza kumwua ngazini.