Tela Yenye Mguu Wake

Busia, mpakani
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo kwa kuwa najua Omari ndiye anayekusomea, na Omari akipewa barua hukimbilia kwanza panapotajwa zawadi. Omari mdogo wangu, soma kama ilivyoandikwa, polepole, wala usiruke mistari. Mama, hujambo? Goti la kulia limepoa, au bado linakusumbua ukiinuka kwenye msala? Bibi anasikia vizuri kwa lile sikio lake moja? Mimi ni mzima, Zuhura mke wangu ni mzima, na mvua ya huku inakuja kila alasiri kama iliyoajiriwa na serikali.

Barua yako ya mwisho niliisoma mara mbili, kisha nikaikunja nikaiweka chini ya godoro kwa sababu ya swali moja. Uliuliza: "Mkweo amekupa mkono?" Umeniuliza hilo katika kila barua tangu nioe, na kila mara nilikujibu kuwa ndiyo, mama mkwe ananipenda, tukionana tunapeana mikono na ananiombea dua. Mama, nilikudanganya, nisamehe. Hajanipa mkono, na hatanipa mpaka mmoja wetu azikwe. Lakini usilie bado. Msikilize Omari mpaka mwisho.

Unakumbuka uliniandikia kwamba watu wa bara hawatamtaka mtu wa Vanga asiye na ng'ombe wala shamba? Nilikasirika sana siku ile, na nilikasirika kwa sababu niliogopa kuwa huenda unasema kweli. Maana kila nilipokwenda kwao Zuhura, huko Mundika, nje kidogo ya mji, mamake alikuwa akisikia tu pikipiki yangu anaingia jikoni na kufunga mlango. Chakula analeta Zuhura. Kuku mzima, ugali wa wimbi, mchuzi mzito, lakini mpishi simwoni hata ncha ya leso. Nikila nakaa nje peke yangu, natazama mlango ule, najiuliza nimekosa nini. Mwaka mzima hivyo. Nikirudi nyumbani nakuandikia kuwa ananipenda.

Jina lake sitaliandika humu. Sababu utaijua.

Basi, mwezi ule wa kupalilia mahindi, alijikata mguu kwa jembe, kidonda kikakataa kupona. Kikafura, kikaanza kutoa harufu. Masista wa zahanati walisema waziwazi kwamba lazima kisafishwe kila juma bila kukosa, la sivyo mguu utakatwa. Na kutoka kwake mpaka zahanati ni mbali, hawezi kutembea, na baiskeli alishapanda mara moja ikamwangusha mtaroni, akaapa hatapanda tena. Nikamwambia Zuhura, pikipiki yangu ina kazi gani?

Hujaiona pikipiki yenyewe, mama. Ina magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, na nyuma ya kiti changu kuna kisanduku cha bati cha kupakilia mzigo. Ilikuwa ya muuza mikate wa Kisumu, aliyeandika ubavuni MIKATE MOTO MOTO. Rangi imebanduka, limebaki neno MOTO tu, na hapa mjini ndilo jina langu. Ninabebea wafanyabiashara magunia ya mahindi na samaki wakavu.

Nikaosha kisanduku kwa sabuni mara tatu mpaka harufu ya samaki ikatoka. Nikaweka mto mpya. Nikaenda Mundika, na safari hii sikukubali kukaa nje. Yeye alikuwa ameketi kizingitini, mguu umenyooshwa. Nikapiga magoti mbele yake kama ulivyonilea, nikaushika mkono wake ili niubusu, halafu nimbebe nimpandishe.

Mama, alipiga ukelele. Akajifunika leso uso mzima, akauvuta mkono, akatambaa kwa mguu ule ule mgonjwa mpaka ndani. Majirani wakatoka. Mimi nimebaki na magoti kwenye matope. Niliondoka bila kuaga, nikajifungia nyumbani siku mbili.

Aliyekuja kunitoa ni Barasa, shemeji yangu, kakake Zuhura. Ni mtu wa maneno machache na miguu mirefu. Akakaa, akanitazama, akasema:

"Shemeji, kwani ulitaka kuua mama?"

"Nilitaka kumsaidia!"

"Kwa kumshika mkono? Huku kwetu mtu na mama ya bibi yake hawashikani. Hawakai kiti moja. Hata jina yake hutaji. Hiyo ndiyo obukhwe, heshima ya ukwe. Si ati anakuchukia. Anakuheshimu mpaka anakukimbia."

"Na mbona hamkuniambia mwaka mzima?"

Barasa akashangaa kweli. "Tulifikiri unajua. Ulikuwa unakaa huko nje vizuri tu, peke yako, mbali na jikoni. Mama alikuwa anakusifu kwa kila mtu. Anasema, huyu wa pwani ana adabu kushinda hawa wetu."

Nilimgeukia Zuhura. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, sijui analia au anacheka. Mwaka mzima nilikuwa nimekaa nje kwa uchungu, mama, na kumbe nilikuwa napata sifa. Halafu siku niliyojitia adabu ya kwetu ndiyo niliyoharibu.

Lakini kidonda hakingojei watu waelewane. Na hapo ndipo ilipoingia habari ya tela.

Nilikuwa nimeshaagiza tela ya mizigo kwa fundi Ekisa wa Malaba, Mteso mmoja mnene anayechomelea vyuma karibu na stesheni ya reli, kwa kuwa kisanduku kilikuwa hakinitoshi tena kwa kazi. Tela ni kigari cha magurudumu mawili unachokifunga nyuma ya pikipiki kwa mkono wa chuma na pini, unakivuta. Ekisa hana tela za kununua zikiwa tayari. Anakuuliza unabeba nini, halafu anachora kwa chaki sakafuni, na unasimama kando ya mchoro kuona kama unakufaa. Mimi nilimwambia magunia, na alikuwa amekwisha chora ya magunia. Nikarudi kwake na wazo jipya.

"Fundi, ongeza ubao wa kukalia."

"Nani anakaa na magunia, boss?"

"Mama mkwe."

Akainua miwani yake ya kuchomelea mpaka kwenye paji la uso. "Ya kwako mwenyewe?"

"Yangu mwenyewe."

"Wewe! Si ungesema tangu siku ya kwanza? Tela ya magunia ni moja, ya mkwe ni ingine kabisa!"

Akafuta mchoro wote kwa soli ya kiatu. Hata kwao Wateso jambo hili ni zito, akaniambia, pengine kushinda kwa Waluhya wakwe zangu. Akaurefusha ule mkono wa kuvutia kwa futi mbili nzima. Ubao akauelekeza nyuma, ili mama asione mgongo wangu. Akaweka springi laini kwa ajili ya mguu, na bati la ubavuni la kumkinga na matope. Vyuma alivitoa kwenye gari dogo lililokufa zamani, lakini ungeiona ungesema imetoka dukani. Nikaivuta mpaka Mundika nikiimba njia nzima.

Barasa akasimama mlangoni pa jikoni, akamweleza mamake kwa lugha yao. Mimi nilikuwa mbali, nyuma ya ghala la mahindi, nimegeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Kila neno Zuhura ananitafsiria.

"Anauliza, hiyo tela na pikipiki ni kitu kimoja au ni vitu viwili."

"Mwambie viwili."

"Anasema, basi ifunguliwe aone."

Barasa akachomoa pini. Mama, tela ya magurudumu mawili ikifunguliwa hufanyaje? Ilianguka kwa pua, puu, mkono wake wa chuma ukachimba ardhi. Halafu sauti ikatoka jikoni, ya kuchoka, bila hasira.

Zuhura hakutaka kunitafsiria. Nikamshurutisha. "Anasema... anasema haijisimamii. Inamwegemea mkwe. Kwa hiyo akikaa juu yake, ni yeye anakuegemea. Anasema anashukuru sana, lakini hawezi."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Mwanamke mguu unaoza, na bado anataka ajue anamwegemea nani. Hapo hapo nilimpenda, mama, nakwambia wazi. Nilikuona wewe ndani yake, siku ile ulipokataa kubebwa kwenda msibani kwa shangazi, ukatembea na lile goti.

Niliigeuza pikipiki, nikarudi Malaba siku hiyo hiyo. Nilipomweleza Ekisa, alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka ghafla. "Lakini mama amesema ukweli," akasema. "Mimi ndiyo nimekosa." Akakata bomba, akalichomelea kisahani cha chuma chini, akalifunga mbele ya tela kwa bawaba. Ukisafiri unaukunja juu, ukifika unaushusha. Mguu. Nikauliza nimwongezee nini, akakataa kabisa. Alisema na yeye ana mkwe.

Kesho yake tena, mimi nyuma ya ghala, nimegeukia ukuta. Barasa akashusha mguu, akachomoa pini. Nilifumba macho. Sikusikia puu.

Ilisimama, mama! Nikaanza kusoma dua. Ndipo Zuhura akaja mbio: "Anasema hiyo basi ni nyumba yake peke yake. Na wewe usigeuke mpaka apande."

Sikugeuka. Juu ya ubao nilikuwa nimetandika ule mkeka wako, ulionisukia wakati naondoka Vanga, wenye ukingo mwekundu. Sikuwa na kitu kizuri kushinda hicho.

Zuhura hukaa naye kwenye tela, lakini injini inapiga kelele, ukiita sisikii. Kwa hiyo Barasa akaweka sheria. Mama ana fimbo yake, atagonga bati la ubavuni: mara moja ni simama, mara mbili ni twende. Safari ya kwanza niliendesha polepole hata baiskeli zikanipita zikinizomea. Mara nikasikia ko! Moja. Nikajua mguu umeumia. Nikasimama. Nikasubiri. Kumbe ameona rafiki yake wa kanisani anapalilia kando ya njia, na alitaka aonekane. Wakasalimiana mpaka nikachoka. Halafu ko, ko. Tukaenda, na mbele kidogo, ko! Rafiki mwingine. Siku ile tulifika zahanati masista wakikaribia kufunga.

Tumekwenda hivyo kila juma, jua na matope. Siku nyingine zote tela inabeba magunia, lakini siku yake naiosha kuanzia jana yake. Kidonda kilianza kunywea kidogo kidogo. Tangu siku ile ya kizingitini sijamwona uso, na sauti yake hainielekei mimi, lakini sasa najua kikohozi chake, na najua anavyogonga akiwa na furaha na anavyogonga akiwa na maumivu.

Juzi ndiyo iliyonifanya nitoe karatasi. Sista alifungua bendeji akasema kidonda kimefunga, hakuna haja ya kurudi. Tulirudi Mundika polepole, na njiani hakugonga hata mara moja, ingawa rafiki zake wote walikuwa mashambani. Tulipofika, Barasa akashusha mguu wa tela, mimi nikachomoa pini, nikaanza kuelekea nyuma ya ghala kama kawaida yangu. Nikasikia ko. Ko. Ko.

Tatu. Tatu haimo kwenye sheria. Nikasimama pale pale, nimewapa mgongo, sijui niende au nisimame. Nikamwambia Zuhura, muulize anataka nini, labda amesahau kitu zahanati.

Nikasikia wakisemezana chini chini. Zuhura alikuja mpaka mbele yangu, macho yamejaa. "Anasema hiyo si ya kusimama, wala si ya kwenda. Hiyo ni yako tu."

Nilikwenda nyuma ya ghala, mama, nikalia. Sioni haya kukwambia. Sasa umejibiwa swali lako.

Anakusalimu sana. Alimuuliza Zuhura ni nani aliyesuka mkeka ule, akaupapasa ukingo, akasema ana subira aliyeusuka. Amekupa unga wa wimbi wa uji. Nitampa dereva wa lori anayekwenda Mombasa. (Haya Omari, zawadi ndiyo hiyo, umeipata.) Nisalimie bibi, umsemeshe kwenye lile sikio zima. Nisalimie mjomba wa cherehani, na shangazi muuza mbaazi, mwambie huku wanazipika bila nazi na nimenyamaza kwa ajili ya amani. Na wewe goti likipoa uje. Wewe kwangu huna mwiko. Utapanda pikipiki yenyewe, nyuma yangu, unishike kiuno.

Zuhura anakuamkia. Mimi ni mwanao asiyekudanganya tena,

Athmani

Omari, bado hujamaliza. Weka barua chini. Sogea karibu na mama, ugonge ubavu wa kitanda chake kwa kidole, mara tatu, polepole.

Mama, hiyo ni yako tu.