Neno la Mwisho kwa Josefina

Salehe kwa Kasongo, salamu.

Rafiki yangu, nimeanza kwa utaratibu wa Wagiriki wako wa kale, kama ulivyojifunza seminari na kunifundisha hapa mtaani Point: jina la mwandishi kwanza, la mwandikiwa pili, kisha salamu. Baada ya hapo waliulizana hali: "Ikiwa u mzima, ni vema, mimi pia ni mzima." Hapo nimekwama. Nimeiruka sentensi hiyo, nami si mtu wa kuruka mambo.

Meza yako ya kuwaandikia watu barua bado ipo chini ya ngazi. Sasa naketi mimi. Jana dada wa saluni alinieleza habari za kumpelekea mama yake, nikaandika zote, nikataka kumalizia mwenyewe kwa neno la kuaga. Nikakusikia moyoni: "Mwalimu, uko mukali sana! Umupe kalamu. Mama yake atajua mukono yake." Nikampa. Ndivyo walivyofanya Wagiriki: karani aliandika barua, mwenyewe akashika kalamu mwishoni tu, kuandika "Uwe na afya". Mwandiko ukibadilika, msomaji anajua ni yeye.

Lakini yako, Kasongo? Ile uliyonitamkia hospitalini, ya kumpelekea binti yako Josefina aliye Kigoma? Niliacha nafasi chini. Nilikuwekea kalamu vidoleni, ikaanguka. Ukasema, "Kesho, Mwalimu." Kesho yenyewe haikukukuta.

Sijui nifanye nini. Nikiandika mimi neno la kuaga, nitamdanganya mtoto. Nisipoandika, atadhani baba yake hakumuaga. Naikunja, naikunjua. Nje jina lake lipo tayari, kama walivyofanya Wagiriki, lakini ndani haijaisha.

Leo asubuhi nimekumbuka. Kabla ya neno la kuaga, Wagiriki walikuwa na mahali pa salamu za watu wengine. Hata karani aliweza kujitaja hapo. Basi nimeandika: "Mimi Salehe, niliyeandika maneno ya baba yako, nakusalimu. Nafasi iliyo chini ni yake." Sina hakika kama ni sawa. Ungenicheka: "Mwalimu, na wewe umeingia mu barua!"

Barua ya Josefina naipeleka posta leo. Kesho siiamini tena. Na kila atakayekuja mezani, nakuahidi, nitampa kalamu.

Kwako siwezi kuandika "Uwe na afya". Lala salama, Kasongo. Mwandiko huu ni wangu, tangu juu hadi chini.