Fungua Ngoyi za Mizigo Yako

Hombo, Jumapili baada ya misa

Mdogo wangu Furaha,

Nakusalimu wewe, shemeji yangu na watoto. Je, kifua chako kimepona baridi ya huko kilimani? Mimi mgongo unaniuma ila bado natembea. Mama Bahati naye yupo: anaamka, anapika, anakwenda kutafuta kuni. Zaidi ya hapo usiniulize.

Ujumbe wako uliletwa na yule mwenye pikipiki, na barua hii nitampa yeye, kwa kuwa simu haishiki kwenu. Amenieleza yote uliyoweka akiba: sabuni za miche, viberiti, pile za kuwashia tochi, bidoni, bashi la plastiki, mablanketi, vitambaa vya wasichana. Akaniambia pia maneno uliyomtuma kwa kujivuna: "Umuambie kaka kila muzigo iko na ngoyi yake, kama vile mama alitufundisha."

Furaha, kuweka akiba si kosa. Vumilia nikueleze polepole, unanijua. Chakula hata porini utakipata; mtu atakuonea huruma akupe kiazi. Lakini hakuna anayekupa sabuni wala kiberiti. Bila sabuni watoto wanaota upele, na bila bashi mvua inalala pamoja nanyi. Kwa hiyo mama alisema kweli. Hata juu ya ngoyi, ule mkanda wa kubebea mzigo kwa paji la uso, alikuwa na sababu: anayekimbia hana nafasi ya kutafuta kamba. Ila wakati wa mama mporaji alichukua mbuzi akaenda zake.

Wewe unajua tu kwamba tulitoka Ntoto, na kwamba mwanangu Bahati hayuko nasi. Namna ilivyokuwa sikukuandikia. Sasa ni lazima.

Ilikuwa mchana, manyunyu yanaanguka. Mizigo yetu ilikuwa imepangwa nyuma ya mlango, kila mmoja na ngoyi yake, kazi ya mikono ya Mama Bahati. Bahati alikuwa amekaa karibu na moto anatia mpini kwenye jembe. Wakaingia watu wenye silaha, vijana tu, umri wa wanafunzi wangu. Mmoja alipoona mizigo alipiga kelele kwa furaha:

"Ona! Bantu banatungojea! Balishafunga byote!"

Mkubwa wao akainua mzigo mmoja, akaivuta ngoyi kwa kidole, akaona imekaza. Akatikisa kichwa kama mtu anayesifu kazi nzuri.

"Inabakia tu kichwa ya kuweka mu ngoyi," akasema. Kisha akamtazama Bahati.

Mama Bahati akasimama katikati yao. "Huyu mutoto mugongo inamuuma. Leta, mimi nibebe."

"Mama, wewe pumzika. Kesho atarudi," mkubwa wao akamjibu.

Bahati akaweka jembe chini, akainama, akavaa ngoyi kwenye paji. Akageuka kwa mama yake. Akamwambia, "Mama, ulifunga muzuri. Haiumize."

Hiyo kesho haijafika. Mizigo mingine ilibebwa na vijana wa majirani. Baadhi yao walirudi, wakasema walimwacha Bahati upande wa pili wa mto, bado na mzigo wetu mgongoni. Tangu hapo hakuna aliyemwona.

Sasa nisikilize vizuri. Jirani yetu alikuwa na vitu vilevile. Lakini sabuni zake zilikuwa juu ya dari, viberiti ndani ya kibuyu, bashi juu ya banda la kuku, mablanketi kitandani. Tulikuwa tunamcheka kwamba nyumba yake ni kama soko lililonyeshewa mvua. Watu walewale waliingia kwake, wakapindua huku na huku, wakachukua radio na beseni, wakachoka kutafuta. Hakukuwa na mzigo wa kubebwa, basi hawakumwita mbebaji. Mwanawe analala kwake hadi leo.

Mwenye pikipiki aliniambia Amani wako ameacha kuchimba madini kule Rubaya, yuko nyumbani, ana nguvu. Ndiyo sababu ya barua hii. Fungua mizigo, Furaha, leo, kabla ya kupika. Bashi litandike juu ya banda la kuku. Bidoni zichotee maji. Sabuni gawanya, nyingine ipeleke kwa shangazi. Ngoyi zirudi ukutani pamoja na ile ya kuni. Siku ya kukimbia mtachelewa, na mtaacha vitu vingi. Viacheni. Sisemi kwamba hilo litamlinda Amani kwa hakika. Waporaji wasipokuta mzigo kwako wanaweza kuutoa kwingine wakambebesha. Lakini usimfungie mzigo wewe.

Hapa Hombo nanunua kidogo kidogo. Mama mmoja wa Butembo mwenye duka ananichokoza mbele ya watu: "Mwalimu, kiberiti moja tena? Siku barabara itakatika utakuja kulia hapa!" Nikamjibu, "Nitalia mikono mitupu, Mama." Akacheka sana, akadhani ni mzaha.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu muuza ndizi, na mzee katekista aliyembatiza Bahati. Mwambie aendelee kumtaja kwenye maombi ya wanaosafiri, si kwenye yale mengine. Amani mwambie mjomba wake anamtaka akae mbali na njia kubwa.

Mama Bahati nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akainuka akaenda kutafuta kuni. Tangu tufike huku hafungi kitu chochote. Kuni anazitoa msituni mikononi, amezikumbatia kifuani, kipande baada ya kipande kinaanguka njiani, naye anarudi kukiokota. Wanawake wa hapa wanamcheka, wanamwuliza kama kwetu hakuna ngoyi.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu