Nilivyomsingizia Mama Shija kwa Swichi Niliyoisanidi Mwenyewe

Kahama, Jumamosi, saa kumi na moja jioni.

Manyunyu ya mwisho yamekatika lakini mabati bado yanadondosha maji, na mimi nimechoka uchovu ambao sidhani kama usingizi utauondoa. Nimekaa chumbani kwangu Nyasubi na viatu vyenye tope, naandika mapema kabla sijapata nafasi ya kujitungia maelezo mazuri.

Kwa miezi mitano nimeutumia ukurasa huu kama mtu anayeandika barua ya maombi ya kazi. Kila ingizo lilikuwa na picha ya kebo zilizonyooka na mimi pembeni nikitabasamu. Leo naandika jambo ambalo nisingependa mwajiri yeyote alisome, na nitaliacha hapa hapa.

Tangu jana asubuhi, mama wa watoto watatu ameambiwa asifike kazini kwa sababu ya sentensi moja niliyoitamka mimi.

Nianze mwanzo. Mimi ni mhitimu wa uhandisi wa mitandao, niko kipindi cha majaribio katika kampuni ndogo hapa mjini, chini ya Bwana Lutonja, fundi aliyefunga mitandao ya maduka na nyumba za wageni kutoka hapa hadi Runzewe. Majaribio yangu yanaisha mwisho wa mwezi. Wiki tatu zilizopita alinikabidhi kazi ya kwanza ya kuisimamia peke yangu: kinu cha kukoboa mpunga cha Mzee Masanja.

Tatizo la pale lilikuwa dogo. Kulikuwa na kifaa kimoja cha intaneti kilichohudumia kila mtu: ofisi, kompyuta ya mizani, ghala, na simu za madereva wa malori ya Fuso waliokuwa wakitazama mpira huku wakisubiri zamu ya kupima mzigo. Mechi ikianza, mizani inakwama. Mzee alitaka mizani isikwame, basi.

Bwana Lutonja alitazama mchoro wa jengo akasema, "Binti, pale weka ruta nzuri inayowatenga wageni na ofisi, na swichi ya matundu manane isiyo na maneno. Unachomeka, inafanya kazi. Unachomoa, unachomeka tena, inafanya kazi."

Nilimjibu kwa heshima na kwa maneno mengi mno. Nilimwandalia kurasa sita. Nilipendekeza swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao) ya matundu ishirini na nne, ile inayosanidiwa kwa amri, ili mtandao ugawanywe makundi matatu yasiyoingiliana: ofisi, mizani na ghala, kisha wageni. Kila nilichoandika kilikuwa sahihi kitaalamu. Hesabu ambayo sikuiandika ni kwamba kinu kile kilikuwa na vifaa saba tu vya kuchomeka.

Nilitaka swichi ile kwa sababu kampuni zinazohudumia migodi ya Geita zinatumia za namna hiyo. Nilitaka kuweza kusema nimewahi kuisanidi.

Akanikubalia. "Haya, injinia. Ukifanya vizuri, kazi ijayo ya Runzewe utaiongoza wewe."

Siku moja kabla ya kufunga, nikiwa mezani ofisini, niliipa swichi jina, nikaiwekea nywila, nikahifadhi. Kesho yake kinuni, kwenye kile chumba kidogo cha mizani, niliandika mipangilio yenyewe, kundi kwa kundi, tundu kwa tundu, makuli wakichungulia dirishani. Mizani ikasomeka ofisini papo hapo. Makuli wakapiga makofi. Mzee Masanja akacheka. Nikapiga picha, nikafunga kompyuta yangu, nikaondoka.

Siku tisa kila kitu kilikwenda sawa.

Alhamisi alasiri wingu zito likajikusanya upande wa Bukombe. Nani asiyejua radi za huku? Wingu likishaonyesha uso wake, mtu wa Kanda ya Ziwa anazima simu, anachomoa televisheni, anachomoa jokofu, na wengine hufunika hata vioo. Mama Shija, karani wa mizani, mwanamke wa makamo ambaye amekaa kwenye kiti kile tangu kinu kikiwa na mashine moja, alifanya kama anavyofanya kila msimu. Alichomoa plagi zote. Mvua ilipopita akazichomeka tena.

Mizani haikurudi.

Ijumaa asubuhi nilipofika, Fuso zilikuwa zimepanga foleni hadi barabarani, na Mama Shija alikuwa akiandika uzito kwa mkono kwenye daftari. Nilichomeka kompyuta yangu. Makundi matatu hayakuwepo. Mipangilio yote ya matundu ilikuwa imefutika. Mzee Masanja alikuwa amesimama nyuma yangu, na nyuma yake madereva, na nyuma yao makuli.

"Injinia, hiyo mashine yako inaogopa mvua kuliko kuku," mmoja wa makuli akasema, na kicheko kikapita uwanja mzima.

Kicheko kile ndicho kilichonisukuma. Sijitetei, naeleza tu kilikotoka. Nilinyanyua kichwa nikasema kwa sauti ya kitaalamu, "Kuna mtu amebonyeza kitufe cha kufuta. Mipangilio haiwezi kupotea yenyewe."

Wote walimtazama Mama Shija.

"Nilichomoa, mwanangu," akaniambia. "Kubonyeza sikubonyeza. Hicho kitufe hata sikijui kiko wapi."

"Kuchomoa tu hakufuti," nikamjibu.

Mzee Masanja hakupandisha sauti. Alimwambia aende nyumbani apumzike mpaka ripoti yangu itakapomfikia. Mama Shija alifunga daftari, akaweka kalamu juu yake, akachukua khanga yake nyuma ya kiti, akapita katikati ya makuli bila kumwangalia yeyote.

Nikaketi niandike mipangilio upya. Ndipo nilipoliona.

Swichi ilikuwa ikinisalimu kwa jina nililoipa ofisini. Nywila yangu ilikuwa bado inakubali. Kama mtu angebonyeza kitufe cha kufuta, jina na nywila navyo vingefutika, na swichi ingeamka kama ilivyotoka dukani. Kilichopotea kilikuwa kile nilichoandika kinuni pekee.

Kwa asiye fundi: swichi ya aina hii ukiipa maagizo inayatekeleza palepale, lakini inayashika kichwani tu. Ili yadumu umeme ukitoka, unatakiwa kutoa amri moja ya mwisho ya kuyahifadhi. Ni amri fupi. Tulifundishwa mwaka wa pili. Siku ile ya makofi, sikuitoa.

Nilijua hayo Ijumaa, kabla ya saa nne asubuhi. Niliandika mipangilio upya, nikahifadhi mara tatu mfululizo, na nikanyamaza.

Jana jioni niliandaa ripoti. Niliandika kwamba "chanzo cha kupotea kwa mipangilio hakijathibitika." Nilivutiwa na ilivyokaa vizuri katika ukurasa. Ni sentensi ambayo hakuna mtu ndani yake, na kwa kuwa hakuna mtu ndani yake, ingemwacha Mama Shija nyumbani bila mimi kumtaja.

Leo asubuhi nilirudi kinuni kukagua mara ya mwisho na kuikabidhi. Nilimwamkia Mzee shikamoo, akaitikia marahaba, akaniletea chai mwenyewe. Kwenye kiti cha mizani alikuwapo mpwa wake, kijana mstaarabu tu, akihangaika na tarakimu. Bahasha ya ripoti ilikuwa ndani ya mkoba wangu.

Saa sita wingu likaja tena.

Lilikuja haraka, jeusi, na ngurumo ya kwanza ilipogonga, Mzee Masanja mwenyewe ndiye aliyekimbilia chumba cha mizani. "Chomoeni! Chomoeni!" Alichomoa ruta, akachomoa swichi, akachomoa kompyuta, akachomoa hata chaja ya simu ya mpwa wake. Yule yule aliyemrudisha mama wa watu nyumbani. Sikumshangaa. Mimi nimezaliwa Mhunze, Kishapu. Nyumbani baba hakuwa na kitu cha kuchomoa zaidi ya redio, na redio ile ilichomolewa kabla hata mbuzi hawajaingizwa zizini. Nilijua desturi hii kabla sijajua kusoma. Lakini nilipochora mtandao wa kinu nilichora umeme usiokatika na watu wasiogusa kitu, kana kwamba ninafunga mahali ambapo sijawahi kufika.

Mvua ikanyesha kwa muda wa saa nzima. Ilipopungua, Mzee akachomeka plagi moja moja. Taa za swichi zikawaka, zikapepesa, zikatulia. Mizani ikasomeka ofisini.

Alinigeukia kwa furaha.

"Unaona, injinia? Leo nimechomoa kila kitu na imerudi yenyewe. Kumbe tatizo lilikuwa yule mama. Jumatatu huyu kijana anashika mizani moja kwa moja. Wewe niandikie tu ripoti yako."

Sijawahi kuona ushahidi ukigeuka namna ile. Swichi ilikuwa imerudi kwa sababu nilirekebisha kosa langu, na marekebisho yangu ndiyo yalikuwa yanamfukuza Mama Shija. Ningeweza kunyamaza, na kila mtu pale angeniamini zaidi ya alivyoniamini kabla ya mvua ya Alhamisi.

Nilimpa mkono, nikaaga. Nilitembea hadi getini. Mlinzi akanifungulia.

Niliomba radhi kwa mlinzi, nikarudi.

"Mzee, si yeye," nikamwambia. "Ni mimi. Siku ya kufunga nilisahau kuhifadhi. Ingechomolewa na yeyote, siku yoyote, ingepotea vilevile. Jana asubuhi nilishajua."

Pembeni mpwa wake aliacha kuchapa.

"Kusevu?" Mzee akauliza. "Yaani kama mtu anavyosevu namba kwenye simu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nyie watoto wa vyuo." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Sasa mimi nimemwambia yule mama mbele ya makuli wangu. Kwa mdomo wako. Unafikiri nitamrudisha kwa simu, kimyakimya, ili waendelee kumwita mharibifu? Nenda kwake ukamwambie mwenyewe. Kiti chake kipo."

Mama Shija anakaa mtaa wa pili kutoka hapa kwangu. Sikuwahi kujua. Nilimkuta barazani akipeta mchele, ungo ukipanda na kushuka bila haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Kisha basi. Kwa Wasukuma salamu ni safari: mmeamkaje, nyumbani hawajambo, kazi, mvua, ng'ombe. Aliponinyima yote hayo nilielewa kwamba nimesimama mahali pabaya. Hakuniambia nikae. Nikayasema nikiwa nimesimama, kwa ufupi kadiri nilivyoweza, kwa sababu kila neno refu lililonijia lilikuwa linatafuta kona ya kujificha.

Ungo ulitulia.

"Kwa hiyo kuchomoa sikukosea?"

"Hukukosea, mama. Unatakiwa uchomoe. Mimi ndiye niliyepaswa kufunga kitu kinachovumilia kuchomolewa."

"Na kitufe?"

"Hakikubonyezwa na mtu."

Alipuliza pumba pembeni. "Jana binti yangu alirudi kutoka kisimani ameshaambiwa kwamba mama yake ameharibu kompyuta za Masanja. Kisimani, mayu, mama wee. Hata jua halijatua." Akaendelea kupeta. "Mimi nimesikia. Lakini mimi sikuwa na shida ya kusikia. Nilikuwa najua sikubonyeza. Waliosikia la kwanza ni makuli na madereva. Jumatatu wanaanza kupakua saa moja. Uje useme pale pale uliposimama. Kwa sauti ile ile."

Nilimwambia nitakuja. Hakusema karibu tena wala asante, na sikustahili.

Nimerudi hapa nikaichana ripoti. Mpya ina nusu ukurasa. Inasema sikuhifadhi mipangilio; kwamba nilijua siku moja kabla ya kusema; kwamba karani wa mizani hana kosa; na kwamba kwa kinu hiki napendekeza ile swichi ndogo ya Bwana Lutonja, na plagi zote ziwekwe kwenye ekstensheni moja karibu na kiti cha mizani, ili wingu likija mtu achomoe mara moja na kuwahi kukaa mbali na nyaya.

Nimeituma kwa Bwana Lutonja saa kumi. Ameisoma, naona kwenye simu. Hajajibu. Huenda anakula, huenda anafikiri ni nani atakayeongoza kazi ya Runzewe badala yangu. Mwili wangu mzima unataka kumwandikia ujumbe mwingine wa kujieleza, wenye aya, wenye "hata hivyo" na "kwa kuzingatia."

Sitamwandikia.

Kinachonikosesha pumzi si yeye. Ni ule uwanja wa kinu saa moja asubuhi, madereva wameegemea Fuso zao, na mimi natakiwa kupaza sauti bila karatasi mkononi. Nimejaribu mara nne hapa chumbani nikiwa nimeufunga mlango. Mara zote nimeanza kwa kueleza swichi ni nini, na mara zote nimegundua kwamba nachelewesha.

Mara ya tano nimesema hivi: "Jamani, Mama Shija hakuharibu kitu. Niliharibu mimi, nikamsingizia." Imechukua pumzi moja tu.

Jumapili iko katikati, na natamani isingekuwepo.