Daftari la Kuzuia Mikono

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa daftari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi! Mimi ambaye maombi yangu yamefika kwenye meza za wakubwa na kurudi yakiwa na mihuri. Nieleze kisa, angalau kwa nafsi yangu.

Mpwa wangu ana miaka minane. Nyumbani tunamwita Bosi, kwa kuwa huiamrisha nyumba nzima bila kuinuka alipokaa. Mtindio wa ubongo umemnyima utii wa viungo: akiutuma mkono mbele, mara huenda pembeni, mara hukakamaa njiani. Mara mbili kwa wiki ninamleta katika chumba hiki cha mazoezi. Zoezi la sasa ni kikombe. Chekundu, cha plastiki, maji nusu. Akitoe mezani, akifikishe mdomoni. Basi.

Mkono wake ulipoyumba, niliunyoosha. Ulipoyumba tena, nikaunyoosha tena. Safari ya tano mwalimu wa mazoezi akasimamisha kazi.

"Mjomba, nani anajifunza hapa?"

Nilimjibu kwa adabu kwamba jibu linajulikana. Akasema ukimnyoosha kila mara, mkono wake utajifunza kukungoja wewe. Mwache akosee, mkono uyajue makosa yake. Kisha akatoa kabatini daftari hili — lina picha ya maputo jaladani! — na kalamu. "Kaa kwenye benchi. Andika chochote, sitasoma. Nataka mikono yako iwe na shughuli."

Wazazi wanamwita Bi Mikono Nyuma. Sasa ninafahamu sababu.

Bosi amemwaga maji mara saba. Ninaandika. Sijainuka.

Alhamisi, 7 Machi

Benchi ni fupi na lina msumari. Magodoro ya bluu sakafuni, kioo kilichopasuka kwenye kona, vyuma viwili sambamba vya kushikilia, harufu ya dawa ya kupigia deki. Jirani yangu wa benchi ni fundi magari, baba wa mapacha. Naye aliponzwa na kusaidia. Yeye alipewa sindano za kufumia na uzi wa sufu.

"Mwandishi, karibu jela," akaninong'oneza. "Mimi nimeshafuma kofia nne. Na kichwa ninacho kimoja."

Sikucheka. Baadaye kidogo nilicheka.

Bosi hakishiki kikombe kama watu. Anainamisha kidevu hadi mezani, anakibana kikombe kwa vifundo vya mikono, vidole vikiwa vimekunjwa, anakivuta. Nilitamka kwamba huo si utaratibu wa kunywa. Bi Mikono Nyuma hakugeuza hata kichwa. "Kikifika kimefika, Mjomba. Andika."

Nyumbani dada yangu, mama yake Bosi, alilitazama daftari akacheka mpaka akaiweka pasi chini. Huyu hufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli tangu kukicha, hacheki ovyo. "Kaka, miaka yote nimekosa wa kukunyamazisha. Huyo mama nimpelekee zawadi gani?"

Jumatatu, 18 Machi

Kimefika!

Na sikuona. Nilikuwa nimeinama, ninatunga malalamiko rasmi kuhusu msumari wa benchi. Nikasikia fundi anapiga makofi. Nilipoinua macho kikombe kilikuwa kimeshashuka, kidevu cha Bosi kinachuruzika maji.

"Mjomba — umeona?" Maneno yake huja polepole, kila moja kwa jasho lake.

Nikasema nimeona.

Huo ni uongo. Ninauandika hapa kwa sababu hakuna atakayeusoma.

Alhamisi, 4 Aprili

Barua imeletwa nyumbani. Kamati inayosimamia chumba cha mazoezi inapunguza watoto kutoka ishirini hadi kumi. Nusu ya chumba itakuwa stoo ya mafaili. Bosi hayumo katika kumi. Sababu wameinukuu neno kwa neno:

"Mtoto huyu hana uwezo wowote wa kuitumia mikono yake, wala uwezo huo hautarajiwi kupatikana maishani mwake."

Sikuhitaji kufika mwisho. Niliijua sentensi hiyo tangu neno la tatu. Ni yangu.

Niliiandika mwaka jana, katika ombi la kiti cha magurudumu kwa kamati hiyohiyo. Tulikuwa tumezungushwa miezi kumi na moja: njoo kesho, faili halionekani, mhusika yuko kikaoni. Nikaketi kwenye mashine yangu ya kuchapa, pale barazani ninapowaandikia watu shida zao, nikaitunga. Nilimsomea dada yangu mara tatu. Akasema, "Mbona umemmaliza kabisa mwanangu?" Nikamjibu kwamba ombi si picha ya pasipoti, ombi lazima limlize anayelisoma. Kiti kililetwa baada ya wiki mbili. Nilijipongeza! Sikuvuka darasa la nne, na sentensi yangu iliwainua wasomi vitini.

 Leo dada aliendelea kukunja mashuka, pembe kwa pembe.

Barua niliiacha mezani nilipokwenda kuoga. Hilo ni kosa langu la pili. Bosi anasoma. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimekwenda kwa katibu wa kamati. Nilisubiri tangu saa mbili hadi saa sita chini ya feni isiyozunguka, nikizipitia hoja zangu sita. Hakuniacha niimalize ya kwanza. Alifungua faili, akaweka kidole.

"Mzee, saini hii ya nani?"

Yangu.

"Haya, nisaidie. Ulitudanganya mwaka jana, au unatudanganya leo?"

Miaka thelathini nimeishi kwa maneno. Nimewaandikia wajane, waliofukuzwa kazi, waliobomolewa nyumba. Leo hayakuja. "Nilikuwa ninaomba," nikasema.

"Ee, ndiyo kazi yako." Akacheka, wala si kwa ubaya. Ningependelea ubaya.

Ametoa nafasi moja. Nipeleke maelezo mapya kwa maandishi. Kisha tarehe 2 Mei mtoto anywe kwa kikombe mbele yake, majaribio matatu. Akifaulu mawili, anabaki. Mlezi asimguse wala asimwelekeze. Akishindwa, faili linafungwa.

Niliporudi, Bosi alikuwa ananingoja mlangoni, katika kile kiti kilicholetwa na sentensi yangu.

"Mjomba — ni wewe — uliandika?"

Nikaanza kumfafanulia jinsi ofisi zinavyofanya kazi. Akageuza uso, akatazama ukuta. Shingo yake haimtii kila siku. Leo ilimtii.

Jumatatu, 15 Aprili

Hajakigusa kikombe tangu siku ile. Anaweka mikono mapajani na kukitazama, kama mtu anayetazama mali ya jirani. Leo Bi Mikono Nyuma alipiga magoti mbele yake, akatania, akaimba vibaya makusudi, akabadilisha kikombe. Hakuna.

"Nani amemwambia hawezi?" akauliza chumba kizima.

Fundi akaiinamia sufu yake. Nikakiri. Sikuzungusha maneno, jambo ambalo si desturi yangu. Nilitegemea anifukuze. Alikuja kukaa benchini, juu ya msumari kabisa, wala hakushtuka.

"Mimi kazi yangu ni mkono," akasema. "Pale ulipovunja wewe si mkononi. Patengeneze mwenyewe."

Jumanne, 23 Aprili

Asubuhi nilikamilisha maelezo mapya, kurasa mbili zilizochapwa. Kipaji adimu. Maendeleo ya kustaajabisha. Tumaini la taifa! Nikamsomea Bosi, nikitegemea msamaha. Alisikiliza hadi nukta ya mwisho.

"Ule — uongo," akasema. "Na huu — uongo."

Dada yangu akacheka kutoka jikoni, kicheko kikavu. "Bosi ameshaongea hapo. Kaka, chana."

Nikachana. Bosi akaniamuru niandike, na akaanza kunitajia neno moja moja. Ilichukua karibu saa nzima. Kila nilipotaka kulimalizia neno lililokwama, dada alikohoa. Nikakaa kalamu ikiwa juu, nikilingoja neno lifike kwa miguu yake. Na maelezo yote ni haya:

"Ninashika kikombe kwa vifundo. Kidevu kiko mezani. Ninamwaga. Siku nyingine kinafika. Nataka kuendelea."

Nilipendekeza tuanze na "Kwa heshima na taadhima." Akakataa. Nilipendekeza basi angalau "Mheshimiwa." Akafikiri.

"Mheshimiwa — sawa."

Mchana nimeyapeleka. Katibu aliigeuza karatasi kuangalia nyuma. "Hii tu?"

Hii tu. Nilitoka nikiona haya, na hata sasa sijui kama ni kwa ajili ya karatasi ile fupi au kwa ajili ya zile ndefu zote zilizoitangulia.

Jumatatu, 29 Aprili

Amerudi kwenye kikombe. Kwangu hajarudi. Hataki nimsukume kitini, anamngoja fundi. Wala hajaniita Mjomba tangu tarehe tano. Ananiambia "wewe," kama karani.

Majaribio manane. Sita yamemwagika, mawili yamefika. Nimeyaona yote manane. Nimejifunza kuandika huku ninatazama. Herufi zinajikwaa, hazifai kuonyeshwa mtu.

Dada ameuliza mawili katika manane ni mangapi katika matatu. Nikampa kalamu. Anajua hesabu kuliko mimi.

Alhamisi, 2 Mei

Saa nne asubuhi. Nusu ya chumba tayari ina rafu za chuma. Mafaili hayakungoja uamuzi. Katibu amekaa mbele ya Bosi, fomu iko gotini. Bi Mikono Nyuma ameegemea ukuta, mikono iko nyuma kama jina lake. Dada ameomba ruhusa kazini, amesimama mlangoni na aproni yake. Bosi amevaa kofia ya sufu, ya tano. Fundi amesema hatimaye amepata kichwa cha pili.

Mimi niko benchini. Nimeruhusiwa kuandika. Katibu aliuliza daftari ni la nini. Bi Mikono Nyuma akamwambia ni dawa.

Jaribio la kwanza: kimefika. Nusu kinywani, nusu kifuani, lakini kimefika. Katibu akauliza kama hivi ndivyo anavyokiburuta siku zote. Bi Mikono Nyuma akamuuliza maji yameingia mdomoni au hayakuingia. Akaandika "ndiyo" kwa shingo upande, kisha akatutazama mmoja mmoja. Neno lingine kutoka kwa mtu mzima yeyote, akasema, na zoezi limekwisha.

Jaribio la pili: mkono wa kushoto umekakamaa nusu ya safari. Kikombe sakafuni. Maji mpaka kwenye viatu vya katibu.

Limebaki moja.

Katibu amekiokota kikombe mwenyewe. Amekijaza bombani mwenyewe. Amekijaza hadi ukingoni! Siku zote ni nusu. Wala si hila. Hajui tu, hajawahi kuwa na sababu ya kufikiria uzito wa maji. Nimeshapanga sentensi tatu za pingamizi, ziko ulimini, safi, hakuna wa kuzipinga. Nikizitamka, faili linafungwa. Bi Mikono Nyuma amekaza taya. Dada ameikamata aproni yake kwa mikono miwili. 

Mkono wangu wa kushoto umeinuka kutoka gotini bila ruhusa yangu. Umefika hewani, umekaa pale.

Bosi ameuona. Ameutazama mkono, ameutazama ukingo wa kikombe, kisha amenitazama usoni. Mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

"Mjomba," amesema. "Mjomba — andika."

Ninaandika. Macho hayako kwenye karatasi, mistari na ipandane inavyotaka. Kidevu kimeshuka mezani. Kifundo cha kulia kimefika. Cha kushoto kinatafuta, kinapita, kinarudi. Kimebana. Maji yanamwagika upande mmoja, kidogo, yaache. Anapumua. Kikombe kimeinama kuelekea kwake. Naona. Safari hii naona.