Pembe ya Karanga

Mbwawa, Kibaha
13 Oktoba 2024

Mpwa wangu Martina,

Najua umeniamkia kabla hujafungua hata bahasha, kwa hiyo marahaba, mwanangu. Hujambo? Mumeo hajambo? Mjukuu wangu Blessing meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka na dirisha wazi? Sisi huku tunapumua. Mkazamjomba wako Laurensia goti linamsumbua, lakini ulimi wake mzima kabisa. Ujumbe wako wa kwamba Krismasi mnakuja, na kwamba Blessing anataka kumkamua Karanga, ng'ombe wa bibi yake, kwa mkono wake mwenyewe, nimeupata. Nitaujibu humu humu, ila kwanza nikupe habari kubwa.

Mjomba wako sasa si mtu wa kuitwaitwa njiani. Jumamosi iliyopita kule Kisarawe shughuli nzima ilisimama ikiningoja mimi. Watu wa ofisini, suruali zimepigwa pasi, walipiga magoti kwenye majani ili wawatazame ng'ombe wangu usoni. Ng'ombe wa udongo, nasema, wa kimo cha viganja viwili. Kuanzia Ruvu mpaka Pugu hakuna binadamu wa kunizidi kwa kufinyanga ng'ombe, na hilo sikusema mimi, ingawa hakuna aliyebisha niliposema. Nipe ng'ombe niliyemwona mara moja mwaka sabini na nane, nitakufinyangia mpaka kovu la kupe. Darasa la tano nililoishia halikunifundisha hilo, ni kichwa tu.

Utauliza tangu lini mjomba anafinyanga. Wewe sikia. Bwawa letu hapa linajaa vuli, linajaa tena masika, halafu kuanzia mwezi wa nane linanywea mpaka linabaki tope, na tope lenyewe linapasuka. Hapo ndipo ninaposhuka na ndoo. Tope la pembeni lina mchanga, ng'ombe wake wanavunjika miguu. La katikati, jeusi, ndilo lenye mwili. Nalikanda na samadi kidogo na nyasi kavu, nafinyanga, nawapanga ukingoni vichwa vikitazama bwawani, kama wanashuka kunywa. Mvua ya kwanza ikipiga wanalegea. Yanaanza masikio, zinafuata pembe, baada ya wiki wote wamerudi tope. Halafu maji, vyura, yungiyungi, yangeyange wanasimama pale pale walipokuwa wamesimama ng'ombe. Kiangazi kikirudi nalikuta tope langu linaningoja. Hiki ni kiangazi cha tatu.

Mwanzoni nilichekwa, sikufichi. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita anacheza mchezo wa watoto wachungaji. Hashiru, huyu jirani mwenye bajaji, kila akipita alikuwa akiuliza hao wanakamuliwa saa ngapi, maana chai yake haina maziwa. Laurensia aliniambia nikimaliza kucheza nimletee hilo tope alisonge ugali, kwa kuwa ndicho nilichovuna. Lakini siku moja nilikuta ameniachia ndoo mbili za maji ukingoni, na hakusema kitu, na wewe unamjua, yule akinyamaza ujue kuna jambo.

Halafu akaja Bi Hajira. Ni mfinyanzi wa Kisarawe, Mzaramo wa pale pale, mwanaye Fadhila ameolewa hapa Mbwawa. Alinikuta bwawani, akachuchumaa, akamshika ng'ombe mmoja mgongoni, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, mimi ni msanii. Akasema sawa msanii, Alhamisi uje kwangu. Kumbe kila Alhamisi anakusanya watu uani kwake, wanakanda udongo na kuzungumza. Mmoja kafiwa na mume, mwingine ametoka kwenye ugonjwa mrefu, wote wanawake, na mimi katikati yao kama jogoo aliyepotea banda. Nilikuwa nikiaga hapa nyumbani kwamba nakwenda kikao cha wafugaji. Ni huko nilikoanza kupata usingizi tena, Martina. Udongo mweupe ninaowatia mabaka nao huwa anauchimba yeye kwenye vilima vyao.

Basi Jumamosi hiyo ndiyo Bi Hajira alionyesha kazi zetu. Hashiru alinipeleka na ng'ombe wangu ndani ya boksi la mafuta ya kupikia, wamelazwa kwenye nyasi, akaendesha polepole kama amebeba mzazi. Tulipata pancha, ndiyo maana nikasema shughuli ilitungoja. Bwana mmoja akauliza kwa nini siwachomi motoni wakadumu. Nikajibu kwamba huu udongo nimeazimwa na bwawa, na bwawa likinyeshewa linadai chake. Watu wakapiga makofi, mmoja akaandika kwenye daftari. Mimi mwenyewe nilishangaa lilikotoka neno hilo.

Ndipo mtoto wa kike, rika la Blessing, akaniuliza, babu, hawa ng'ombe ni wa nani.

Martina, mdomo wangu huu unaoujua ulilala. Nikasema ni wa mpwa wangu. Akauliza, na yeye yuko wapi, mbona hajaja kuwaona. Nikaanza kuwarudisha ng'ombe kwenye boksi. Laurensia aliniuliza nyumbani kama kuna kitu nimelishwa, kwa sababu Hashiru alimwambia kwamba tangu Kisarawe mpaka Kibaha sikusema uongo hata mmoja.

Sasa nifike ninapokwepa. Ng'ombe wako saba niliokuwa nikikutunzia hawapo. Wamekufa wote, na wangu wote, ule mwaka vuli ilipokataa. Imetimia miaka mitatu kasoro miezi michache, na kila ulipopiga simu nilikwambia wamenenepa.

Wala usiseme ni jua. Jua lilituwakia wote. Mahona, mfugaji mwenzangu, huyu huyu anayekuletea barua hii, alinifuata mara mbili, akaniambia Ndaki twende, tuvuke mto, kule kuna majani. Mimi nilikuwa nimeshatangaza mnadani mbele ya watu kwamba naijua harufu ya mvua na Ijumaa itanyesha. Ningehamaje Alhamisi? Ijumaa haikunyesha. Nikasema Ijumaa ijayo. Mahona akaondoka na wake, akaokoa zaidi ya nusu. Mimi nilibaki kulinda neno langu, nikazika ng'ombe.

Karanga alikuwa wa mwisho. Unakumbuka mama yako alivyomnunua akiwa ndama, kwa karanga za bustani yake, na jinsi alivyokuwa akimwita kama anamwita mtu. Dada yangu Rosalia alipokuwa mgonjwa alinishika mkono akasema huyu ni wa Martina, umtunze, kaka. Nikamwambia ng'ombe huyu atakuzikeni nyote, alivyo na afya. Karanga aliingia bwawani kutafuta maji akanasa kwenye tope. Tulimvuta mimi na Laurensia kwa kamba, hakuwa na nguvu ya kutusaidia. Nikakaa naye. Alichukua mchana mzima. Na mikono yangu, sijui nani aliituma, ikawa inachota tope pale ubavuni mwake na kulifinyanga, na alipokata pumzi nilikuwa nimeshika ndama wa udongo. Huyo ndiye wa kwanza. Sikuanza kwa kuwa msanii.

Na ile picha niliyokutumia mwaka jana, ambayo Blessing ameibandika juu ya kitanda chake. Nililaza simu chini kwenye nyasi nikaipiga kwa kuinamia, ili viganja viwili vionekane ng'ombe mzima. Ukanijibu, mjomba, mama angefurahi. Nimeishi na maneno hayo kama mwiba wa samaki kooni. Na ule mradi wa ujenzi niliokwambia nausimamia kule mtaa wa Picha ya Ndege ni kiwanja cha mtu, nalinda matofali yake tu.

Sikukupigia simu kwa sababu kwenye simu mdomo unanitangulia. Ningeanza kukwambia ukweli, na kabla hatujaagana Karanga angekuwa amezaa mapacha. Kwenye karatasi nikiandika uongo nauona. Mahona nimemwomba asikusimulie kitu mpaka uwe umesoma.

Tiketi za Krismasi ni zenu, uamuzi ni wako, na ukiamua hutaki kuniona mpaka nizikwe sitakwenda kukushitaki kwa wazee. Lakini mkija Desemba mjue mtakuta maji tu na yungiyungi, vuli itakuwa imeshawachukua ng'ombe wa udongo. Mkisubiri mpaka mwezi wa tisa, tope litakuwa tayari. Blessing hatamkamua Karanga, ila anaweza kumfinyanga, na mikono ya mtoto mdogo huwa haina haraka ya kusifiwa. Mwambie wewe, kwa namna yako. Mimi sijui namna.

Nisalimie mumeo, na shemeji zako wote. Laurensia anawasalimu sana. Amenisimamia begani nikiandika, na pale kwenye kamba alikwenda nje kidogo. Bi Hajira naye anakusalimu, ingawa hamjaonana.

Bado neno moja dogo, nalo ndilo linalonitia haya kuliko yote. Nimejisifu hapo juu kwamba nafinyanga ng'ombe yeyote mpaka kovu la kupe. Karanga alikuwa na pembe moja iliyopinda kuelekea jichoni, wewe ulikuwa ukiishika ukiwa mdogo akikupeleka kisimani. Sikumbuki ni ya kushoto au ya kulia. Kiangazi cha kwanza nilipinda ya kushoto, cha pili ya kulia, na kwenye ile picha nimeinamisha kichwa chake kwenye nyasi ili usione. Hata ukinikasirikia, niandikie hilo tu.

Ni mimi mjomba wako,
Ndaki