Kompyuta ya Wifi Inanidai Neno la Siri

Mpendwa Shangazi, shikamoo, naomba msaada wako kabla sijavunja undugu. Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tuna duka la uchapishaji, mimi nakaa mbele na wateja na printa, yeye anakaa chumba cha nyuma anachora kadi na mabango, na kazi zake zote anaziweka kwenye folda moja ya kompyuta yake ambayo mimi naifungua kutoka kwangu kwa waya wa mtandao, nachapa, mteja anaondoka, na ndivyo tulivyoishi tangu tufungue duka bila hata kununiana. Sasa, Shangazi, hivi karibuni alimpeleka mama mkwe kliniki akaiacha kompyuta yake imejifunga, mteja akaja anataka kurekebishiwa tarehe kwenye kadi ambayo bado haijawekwa kwenye folda, nikaenda nyuma nikashindwa kuingia, mteja akanisema mbele za watu, na wifi aliporudi nikamtolea uvivu, nikamwambia, "Kama duka ni letu sote, mbona unafunga kompyuta kama vile mimi mwizi?" Akageuka akarudi chumba cha nyuma.

Kesho yake nafungua folda, kinatokea kisanduku kinataka jina na neno la siri, kitu ambacho hakijawahi kuniuliza tangu fundi atuunganishie. Nikaandika jina langu, jina lake, jina la mama mkwe, hata zile namba ninazofungulia kompyuta yangu asubuhi, wapi! Nikamwita, "Wifi, umebadilisha nini huko?" naye bila hata kuinua uso akasema, "Mimi nimelitoa kabisa. Haina neno la siri tena, we acha wazi ubonyeze tu." Nikaacha wazi, nikabonyeza, ikanikatalia, na hapo ndipo moyo uliponiuma, Shangazi, kwa sababu mtu akikufungia mlango afadhali aseme nimekufungia kuliko kukucheka. Tangu hapo tunapelekeana kazi kwa flashi, juzi nikachapa kadi za zamani zenye jina la bibi harusi limekosewa, tukazitupa zote. Mume wangu anasema tusimwingize. Nimeshapata chumba mtaa wa pili, ufunguo ninao kwenye mkoba, printa ni yangu, na mwisho wa wiki nataka kuhama nikafanye kazi peke yangu, maana kikulacho ki nguoni mwako. Je, nimuage kwanza, au niondoke kimya kimya?

Wa Mbele

*

Wa Mbele, marahaba. Pole kwa kadi zilizotupwa, na pole kwa kusemwa mbele za watu. Pole zangu zimeishia hapo.

Umeandika mwenyewe kwamba wifi yako amekwambia amelitoa neno la siri. Alisema kweli, mama, na hilo ndilo lililokufungia. Usiniulize Shangazi wa ndoa amejulia wapi. Magazeti nayo yana kompyuta, na kompyuta nazo zina ugomvi. Akaunti isiyo na neno la siri inamkubali aliyekaa mbele ya kioo chake tu. Anayekuja kwa njia ya waya anadaiwa neno, na akija mikono mitupu anarudishwa, kwa sababu mashine ikimruhusu huyo itamruhusu kila mtu. Zamani hukuulizwa kwa kuwa kompyuta yako ilikuwa imelihifadhi neno la wifi, ikawa inalitoa bila kukusumbua. Alipolifuta, lile la akiba likawa halina kazi. Na zile namba zako za asubuhi zinafungua mashine yako tu. Ungeziandika mpaka vidole viote sugu.

Dawa yake haihitaji kuhama mtaa. Kaeni wote wawili kwenye kompyuta ya nyuma, mfungue akaunti mpya, muipe jina la duka na neno la siri ambalo nyote mnalijua. Kisha muishirikishe folda na akaunti hiyo, mkiipa ruhusa ya kusoma na kuandika, la sivyo utaona kazi na usiweze kurekebisha hata nukta. Ukirudi mbele, futa kwanza neno la zamani ambalo kompyuta yako imelihifadhi. Kisanduku kikitokea, andika jina la kompyuta ya wifi, ile alama ya mkwaju wa kulalia nyuma (\), halafu jina la akaunti mpya, chini yake neno lake la siri, na uweke tiki penye maneno ya kukumbukwa. Baada ya hapo wifi anaweza kurudisha neno lake mwenyewe kwenye akaunti yake, na ni haki yake, maana mashine iliyo wazi dukani ni mwaliko kwa kila mpita njia.

Sasa tuje kwako. Hivi hujajiuliza alilitoa lini? Ni baada ya wewe kumfokea, tena katoka kumhangaikia mama mkwe wako. Alikwenda nyuma akaondoa kufuli ili siku nyingine asipokuwepo usiaibike mbele ya mteja. Hakukuinulia uso kwa sababu ulikuwa umemwumiza, na hata hivyo alikuelekeza namna ya kuingia kwa kadiri alivyojua. Kosa lake ni kutokutoka mle ndani aje aone kilichoandikwa kwenye kioo chako. La kwako ni kubwa zaidi: kuuliza si ujinga, lakini wewe umeuliza gazeti, umemuuliza na mwenye chumba cha mtaa wa pili, aliye nyuma ya ukuta wako ukamuuliza mara moja tu, tena kwa ukali.

Nenda nyuma kesho asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza. Vuta kiti ukae. Mwambie, "Wifi, nisamehe, ulilitoa kwa ajili yangu." Akilia mwache alie. Mkimaliza, fungueni hiyo akaunti.

Lakini leo hii, kabla ya yote, rudisha ufunguo wa chumba kile. Wifi yako akiuona kwenye mkoba wako, hakuna fundi atakayewaunganisha tena.